Rangi ya Shingo Yangu

Jumatatu, 2 Aprili 1973

Nguo zimekataa kukauka tena. Nimezigeuza mbele ya stovu ya mafuta ya taa tangu asubuhi, bado zina unyevu. Dengu nimeloweka. Kulsum, mke wa mwanangu, kaenda kiwandani bila ya kufagia ngazi. Akirudi atasema alikuwa analiwahi basi. Kila siku basi.

Mchana kaja Bi Sakina, mama wa bwana harusi, kaleta sanduku la Nasim. Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini Southall, na mimi mtu mzima nnangoja kama mtoto anavyongoja Idi. Sanduku zuri, sisemi uongo. Sari, viatu vya dhahabu, manukato, sabuni za kunukia. Mwanamke huyu katolewa Kampala mwaka jana na begi moja, kalala kambini baridi nzima, na sanduku kalijaza. Hilo nampa.

Lakini chini kabisa mna chupa. Fondesheni, ndivyo Nasim anavyoiita. Poda ya maji, inapakwa uso mzima kabla ya vingine vyote. Imepewa jina la tunda. Pichi. Bi Sakina kasema itamng'arisha mtoto. Kasema mpiga picha anapiga za rangi, na picha zitafika mpaka Kanada kwa jamaa zake. Kasema Nasim mzuri, ila kachukua rangi ya upande wa bibi yake.

Bibi yake ni mimi. Nimekaa pale pale na kikombe changu mkononi, nnazungumzwa kama nimeshazikwa.

Nasim kajipaka mbele ya kioo. Uso wa kijivu, kama mtu aliyechungulia gunia la unga. Chini yake shingo yake mwenyewe. Ungedhani kichwa cha mtu mwengine kimewekwa juu ya mjukuu wangu.

Nikamwambia aoshe. Bi Sakina akasema tutazoea. Mimi sizoei. Akasema nchi hii hawatengenezi rangi za watu kama sisi, kazunguka kutafuta mpaka kachoka, na kama mtoto hapakwi hiyo basi atoke uso mtupu, watu waseme hana kwao. Nikamwambia nikiipata rangi ya Nasim, chupa yako irudi ilikotoka.

"Ipate basi, Bi Khadija," akasema. Na chai yangu hakuimaliza.

Nitaipata. Jikoni nimeimba. Sijui lini nliimba mara ya mwisho.


Jumanne, 3 Aprili

Nasim hakula vizuri jana. Leo kabla ya kwenda kazini kaniuliza, "Dadi," ndivyo anavyoniita bibi yake, "mimi mweusi kweli?" Swali gani hilo asubuhi. Nimemwambia ana rangi ya Nasim, achukue mwavuli aende.

Kasema huenda Bi Sakina ana haki. Kasema hataki kuingia nyumba ya watu kwa ugomvi, bora apakwe siku hiyo moja yaishe. Hapo nimeogopa. Siku moja haiishi. Akiingia na uso wa kuazima, ataamka nao kila siku.

Southall, basi la 207, duka kwa duka. Hina wanayo. Wanja wanao. Poda za kopo wanazo, zote nyeupe kama chokaa. Mwenye duka mmoja, Mpunjabi aliyezaliwa Nairobi, kanitolea krimu ya kujichubua. Kasema maharusi ndiyo wanayoitaka. Nimemwambia akampake mama yake. Nimesema kwa Kiswahili na kaelewa sawasawa.


Alhamisi, 5 Aprili

Nasim anapiga taipu ofisini. Likizo yake ya harusi imeanza leo, tumekwenda mjini, duka kubwa lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Rangi ziko chini, alhamdulillahi, ngazi hizo sikuzisogelea.

Msichana wa kaunta mwenyewe kapakwa mpaka kwenye nyusi. Katoa chupa moja moja. Kila moja na jina lake la kupendeza, Nasim ananisomea: ua, maziwa, asali, mchanga. Kwa macho yangu zote moja. Mzungu aliyeamka. Mzungu aliyelala. Mzungu mgonjwa. Ya mwisho kabisa, nzito kuliko zote, ni mzungu aliyerudi baharini. Hiyo ndiyo kampaka Nasim. Kawa chungwa.

Halafu anampaka mgongo wa mkono. Nikamwambia Nasim amwambie, mkono unaosha vyombo, hauolewi. Apake kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Ikipotea pale ndiyo yenyewe. Nasim kaona haya kufasiri. Basi nimemshika msichana kidole nikakipeleka mwenyewe. Kapaka. Haikupotea, ilikaa kama kiraka kwenye suruali.

Msichana kaomba radhi. Kasema hawaletewi nyengine kwa sababu wateja hawaulizi. Na mimi niliyesimama mbele yake nnauliza, nani?

Miguu imevimba. Lakini nna nguvu leo. Tangu tuhame Unguja, tukapita Mombasa, tukaja hapa, kila kitu nimepewa nikapokea. Koti nimepewa. Nyumba nimepewa. Baridi nimepewa. Hii rangi nnaitafuta mwenyewe, kwa miguu yangu, na nnaipenda shughuli yake.

Jioni nimeanza kumsinga Nasim, kumsugua uso kwa singo ya bibi harusi. Manjano, liwa, unga wa dengu, mawaridi makavu, mafuta kidogo. Nimeponda mwenyewe, Kulsum angeacha mabonge. Atasingwa kila jioni mpaka Alhamisi ijayo, siku ya hina. Sabuni haigusi uso mpaka hapo. Mama yangu hakuruhusu sabuni, na mimi siruhusu.


Ijumaa, 6 Aprili

Nyumba nzima inanukia singo. Bi Gloria, jirani yetu, nesi, mtu wa Trinidad, kaifuata harufu mpaka mlangoni. Nimemkaribisha. Lugha yake siijui lakini nnampenda, anaingia jikoni kama mtu wa kwetu, anafunua sufuria.

Nasim kamweleza habari ya chupa. Kacheka mpaka kashika meza. Kasema na yeye kaolewa hapa hapa London, kapakwa kama hiyo, na mumewe kamuuliza kama anaumwa. Halafu katwambia jambo. Karibu na majumba ya michezo ya kuigiza kuna duka wanakonunua waigizaji. Huko rangi ziko za kila namna, kwa sababu mwigizaji leo mfalme, kesho jambazi, keshokutwa Mhindi. Vijiti vya rangi, si chupa, na kila kijiti na nambari yake.

Nimemkumbatia. Na manjano yangu mikononi, nimemchafua koti la kazini. Hakujali.

Kesho tunakwenda.


Jumamosi, 7 Aprili

Tumeipata!

Niandike kwa mpango. Asubuhi Nasim kataka kuosha uso kwa sabuni kabla hatujatoka. Nimemkataza. Bibi harusi haondoshi singo yake kwa ajili ya mwenye duka. Kajifuta kwa kitambaa kikavu, kavaa skafu, tumetoka. Kang'ara, kila mtu kwenye treni anamtazama.

Duka dogo, limejificha uchochoroni. Ndani, ukutani, vijiti kutoka juu mpaka chini. Nyekundu, buluu, kijani, na kahawia. Kahawia za kila aina, safu nzima. Nimesimama nikaziangalia tu. Kumbe zipo. Kumbe mtu kakaa mahali akazitengeneza, ila kazificha kwa waigizaji.

Mwenye duka mwanamke wa makamo, miwani shingoni kwa mnyororo, hana maneno mengi. Nimempenda kwa hilo. Kamkalisha Nasim mbele ya kioo chenye taa pembeni zote. Hakugusa mkono. Kapaka kwenye taya bila ya kuambiwa. Cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Kafikiri, kapanda kingazi, kashuka na kijiti cha dhahabu dhahabu hivi. Kapaka. Ikapotea. Nimeinama nikatazama karibu mpaka pua yangu ikagusa shavu la mtoto. Imepotea kabisa.

Nasim kajitazama, kacheka meno yote nje. Wiki nzima sijayaona meno hayo.

Tulipofika stesheni nimemwambia ampigie simu Bi Sakina palepale, kwenye kibanda. Nimeishika mwenyewe. Nimemwambia tumeipata, aje Alhamisi siku ya hina aone kwa macho yake. Kasema haya, tutaona. Nimeirudisha simu kwa kishindo.


Jumatatu, 9 Aprili

Kijiti kiko chini ya mto wangu. Kulsum kasema kitayeyuka. Na yeye akayeyuke.

Nimewaonesha wanawake wote waliokuja kuchambua mchele wa harusi. Mmoja kataka kukishika, nimemwambia atazame kwa macho. Nnajivuna, nnajua. Niacheni nijivune.

Nasim anakula vizuri. Usiku wa leo kaniomba nimsinge na mikono pia. Ngozi imekuwa laini kama ya mtoto mchanga.


Alhamisi, 12 Aprili

Siku mbaya. Naiandika haraka niimalize.

Baada ya adhuhuri nimempeleka Nasim kuoga. Sabuni, mara ya kwanza tangu tuanze singo. Maji yalitoka ya njano, nikafurahi, ndivyo yanavyotoka. Katoka msafi, ngozi inateleza. Sebuleni wameshakaa wa kwetu na wa kwao. Bi Sakina yuko kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nimemweka Nasim dirishani, mwanga wote juu yake, ili asiwepo wa kusema hakuona vizuri. Nikachukua kijiti, nikapaka taya.

Haikupotea.

Nikasema nimepaka kidogo, nikaongeza. Ikawa njano zaidi. Nikampaka shavu lote. Uso wa ndizi mbivu kwenye shingo ya mtu. Mtoto wa jirani kacheka, mama yake kamfinya.

Nimejua pale pale. Yule mwanamke wa duka hakukosea. Kapewa uso uliokaa na manjano, kalinganisha na manjano. Kanitafutia rangi ya singo yangu. Kwetu bibi harusi yuko hivyo, hakuna anayeona kama ni rangi, tunaona ni harusi tu. Mwanamke wa Kizungu angejuaje? Nasim alitaka kuosha uso. Nliyemkataza ni mimi. Nimeshaandika, siandiki tena.

Bi Sakina hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Kafungua mkoba, katoa chupa ile ya pichi, kaiweka mezani taratibu, karibu na sinia la hina.

Nasim kaifuta njano kwa kiganja, machozi yanamtoka. Kasema mbele ya watu wote, "Dadi, nipakeni hiyo ya Bi Sakina. Nimechoka kuwa maneno ya watu."

Nikamwambia, "Rangi nimekosea mimi. Uso wako haujakosea kitu."

Bi Sakina kasimama. Kasema Jumamosi asubuhi anakuja na mpambaji wake na chupa yake, na kama nna kijiti chengine nikitoe siku hiyo, si baada yake. Kasema kwa adabu. Adabu yake inauma kuliko matusi.

Hina katiwa. Hakuimba mtu ila Bi Gloria, na hajui maneno.


Ijumaa, 13 Aprili

Nnaandika sasa hivi nimekaa kitandani, koti bado nimevaa. Nimekwenda peke yangu. Mimi. Katikati ya London.

Asubuhi nlikuwa nishakata tamaa. Nasim hatoki, hina mikononi, na bibi harusi hatoki nje siku ya mwisho. Sasa duka litalinganisha rangi na nini? Siwezi kumkata shavu nikalitia mfukoni. Nikakaa. Halafu nikakumbuka maneno ya Bi Sakina, kachukua rangi ya bibi yake. Nikasema haya, tuone kama ni kweli.

Nimemwita Nasim dirishani na kioo cha mkononi. Nimeweka mkono wangu karibu na shavu lake. Hapana, mkono wangu umeungua jua na mafuta ya moto. Uso wangu hapana vilevile, una mabaka ya uzee. Nikavua mtandio. Chini ya kidevu, hapa shingoni, tangu nlipovunja ungo jua halijapaona. Nikaliinamia shavu la Nasim, shingo kwa shavu, mwanga wa mchana juu yetu. Kulsum kaja na ufagio wake, kasimama, katazama.

"Mama, ni moja," kasema.

Neno la kwanza la maana alilosema mwaka huu. Nimemwambia aweke ufagio aje atazame tena. Katazama. Moja.

Nimeisugua shingo kwa sabuni mpaka ikauma, isije ikawa na mimi nna manjano. Kulsum kataka kuacha kazi leo anisindikize, nimemkatalia, kiwandani wanamngojea wamfukuze. Mwanangu yuko kazini Heathrow mpaka jioni. Basi nimevaa koti, nimechukua kijiti cha dhahabu, kisanduku chake kimeandikwa jina la duka na mtaa, nikatoka. Nasim analia mlangoni kwamba nitapotea. Nimemwambia nimehama nchi mbili sijapotea, nitapotea kwenye treni?

Nimepotea kidogo. Nimeshuka stesheni isiyo yangu. Nimemwonesha polisi kisanduku, kanionesha kwa kidole. Nimemwonesha mwanamke muuza maua, kaniongoza mpaka pembeni. Nimemwomba radhi kila niliyemkanyaga, kwa Kiswahili. Hakuna aliyelalamika.

Mwenye duka kanikumbuka. Nikampa kijiti, nikatikisa kichwa. Nikasema kwa Kiingereza changu: harusi, mtoto, njano, hapana. Nikajionesha usoni kwa vidole jinsi mtu anavyosingwa. Nikatoa mkobani kipande cha manjano nilichochukua makusudi, nikakikwaruza kwenye karatasi yake. Katazama karatasi, katazama kijiti. Kafunga macho, kacheka taratibu, kajipiga paji la uso. Kaelewa.

Dukani mna wanaume wawili wanajaribu ndevu za bandia. Nikamwashiria mwenye duka. Kanipeleka nyuma ya pazia. Nikalegeza mtandio, nikanyanyua kidevu, nikamwambia: mtoto, hii.

Kapaka cha kwanza chini ya taa zake. Kasema vizuri. Mimi nikasema hapana. Taa zile zina umanjano wake, sitaki kudanganywa mara mbili. Nikamshika mkono nikamtoa mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa Mungu. Nimesimama kizingitini mwa duka London, kidevu juu, shingo nje, mvua ya rasharasha, watu wanapita wanatazama. Watazame. Cha kwanza chekundu mno. Cha pili kizito, kama tope. Kaingia, katoka na kisu kidogo, kakata kipande cha hiki na kipande cha kile, kavikanda kwenye kiganja chake mwenyewe mpaka vikawa kitu kimoja. Hapo nimemheshimu. Hivyo ndivyo kitu kinavyochanganywa, kwa mkono. Kapaka. Kanipa kioo.

Nikaitafuta. Sikuiona.

Nikamwambia tena apake, nione anapopaka. Kapaka nnaona. Kaondoa kidole, imekwenda. Nimecheka mlangoni kwa watu peke yangu kama mwendawazimu. Kanikandia nyingi, kaitia kwenye kikopo, kafunga kwa utepe. Tumeshikana mikono. Wake una rangi, wangu una manjano.

Nimerudi bila ya kuosha shingo. Nikamwambia Nasim, nimepakwa hapa, pataje. Kanitazama. Kasogea. Kapitisha kidole kila pahala chini ya kidevu changu, ananitekenya, anatafuta. Halafu katazama kidole chake na kaona kimepakwa, na hajui kimepakwa wapi.

Kacheka. Kacheka mpaka kakaa chini, mikono yake ya hina kainyanyua juu isiguse kitu.

Sitaki kulivua koti. Nikilivua siku itakuwa imekwisha.


Jumamosi, 14 Aprili

Hakuna wakati. Nimempaka mwenyewe, dirishani. Mpambaji wa Bi Sakina kanipisha. Magari yameshafika. Kulsum kavaa viatu vya rangi mbalimbali, kimoja cheusi kimoja buluu, nimemwona mimi wa kwanza.


Jumapili, 15 Aprili

Sasa nnaweza kuandika.

Jana Bi Sakina kaja asubuhi kama alivyoahidi, chupa mkononi. Nlikuwa nimeshamaliza. Nasim yuko kitini, hajavaa dhahabu bado. Bi Sakina kamtazama muda mrefu. Kamshika kidevu, kamgeuzia kwenye mwanga, upande huu, upande ule. Kauliza, kapakwa au bado? Nikamwambia itafute. Kapitisha kidole kwenye taya, kakitazama kidole. Chupa kaitia mkobani, mkoba kaufunga, kaanza kumvisha mtoto mkufu kwa mikono yake. Nilimwachia. Ulikuwa mkufu wao.

Na Nasim kaingia ukumbini na uso wake. Uso mmoja, shingo moja, mtu mmoja. Pua ya babu yake, rangi yangu. Ukumbi ukajaa vigelegele. Mimi ndiye nliyeanzisha, na sauti bado ninayo. Bwana harusi kamkodolea macho mpaka kajikwaa kwenye zulia. Mpiga picha kapiga, kapiga. Bi Gloria kaja na kofia kubwa kama sinia, waliokaa nyuma yake hawakuona kitu, na kila mara anageuka ananifinyia jicho. Sijapata kufurahi namna ile tangu nije nchi hii. Afadhali niseme kweli: sijapata kufurahi namna ile popote.

Wakati wa biriani Bi Sakina kaja kukaa karibu yangu. Nimejiandaa kugombana, sahani nimeiweka chini. Uso wake mwenyewe umepakwa ile pichi, na jasho la ukumbi limechimba mistari. Kakaa. Kiswahili chake cha Kampala kinaumiza masikio, lakini jana kasema polepole.

"Kwenye begi lile moja nlitia picha yangu ya harusi," kasema. "Nlipakwa hivi hivi. Wajukuu wananiuliza, huyu nani?"

Nimemwekea nyama kwenye sahani yake, ile laini.

Tukala. Halafu kauliza, kama vile anauliza bei ya vitunguu, duka lenyewe liko wapi.

Nikamwambia nitampeleka mwenyewe, njia nnaijua. Nikamwambia ila aoshe uso kwanza, na akumbuke kuja na shingo yake. Kanitazama kwa ukali. Halafu kacheka, na poda ikadondoka kwenye biriani.


Jumatatu, 16 Aprili

Mvua. Nguo ndani tena, mbele ya stovu.

Nyumba imenyamaza. Wamekwenda jana jioni, Nasim na mumewe. Kikopo kaniachia, kimebaki kidogo pembeni. Kasema nitumie. Nitumie niende wapi. Nimekiweka karibu na kioo.

Kulsum kafagia ngazi bila ya kuambiwa. Nimeona. Sijasema.

Foronya ya Nasim ina manjano pale alipolaza shavu. Nimeifua kwa sabuni, nimeifua tena, bado. Kulsum kataka kuitia dawa ya kung'arisha, kasema itakuwa nyeupe kama mpya.

Nimemwambia aiache.